Sikuigiza Kilio Kile, Nilidanganywa

Admin, nifiche jina, maana hapa mjini Likasi tunajuana. Nina miaka ishirini, ni mtoto wa kwanza kwa mama yangu. Wengi wenu mnaujua uso wangu, kwa sababu nikiwa mdogo nilicheza kwenye filamu kama mtoto wa mama mchimbaji.

Nilianza kuigiza kanisani. Mzee mmoja aliyeongoza kikundi cha maigizo, tuliyemwita Papa, alinifundisha kutoa sauti kutoka tumboni, kumsikiliza mwenzangu kabla ya kujibu, hata kulia bila kuguswa. Nilimpenda kama baba. Wageni walipokuja kutafuta mtoto wa filamu yao, wakanichagua mimi.

Kulikuwa na sehemu ambapo mtoto anaambiwa mama yake amefukiwa mgodini. Nikalia nilivyofundishwa. Mkubwa wa filamu hakuridhika, akasema machozi yangu ni ya kanisani. Ndipo Papa akaniita pembeni, akanishika mabega.

"Mutoto wangu, hii haiko filme. Shimo ya Kambove imeanguka. Mama yako iko ndani."

Na kweli mama alikuwa anauza bukari, ugali wetu, na samaki kwa wachimbaji wa Kambove. Nilianguka chini, nikajikojolea, nikapiga kelele hadi sauti ikakauka. Kumbe kamera inaendelea. Walipomaliza wakapiga makofi, na mama akashuka kwenye gari lao, mzima, anacheka. Alikuwa amekaa humo akinisikia. Walimwomba ruhusa, akawapa.

Mpaka leo mama akichelewa kurudi, natoka barabarani kumtafuta. Watu wakinisifu kwamba nilicheza vizuri natamani kuwatukana. Sikucheza. Kazi niliyojifunza kwa jasho waliitupa, wakachukua uchungu wangu.

Sasa watu wale wale wanarudi, wanamtaka mdogo wangu wa miaka tisa, na Papa yule yule ndiye anayemfundisha. Nilimwambia mama kwamba sitaki, nikamweleza yote niliyoyabeba. Akaendelea kuosha sahani.

"Weye ulikufaka? Haukupataka jina? Acha mudogo wako naye apate."

Nikimwambia mdogo wangu ukweli, hatamwamini mama tena maishani. Nikinyamaza, watamfanyia. Na yeye ana furaha, kila jioni anakaa mbele yangu na kuniomba nimfundishe kulia kama nilivyolia mimi.

Ninyi mnaonisoma, wazazi kwa vijana, niambieni mngefanya nini. Nikiendelea kukaa na hasira hii peke yangu, nitamkosea mtu.