Ufunguo Kifuani mwa Mama

Kazini walimwita Bana Pumzi, kwa kuwa ndiyo amri aliyowapa wagonjwa maisha yake yote ya kupiga eksirei. Alipostaafu, hospitali iligeuza jengo lake la zamani kuwa makumbusho ya eksirei, naye akapewa kiti, ufagio na wageni wa kuwatembeza. Mashine zilizokula ujana wake sasa alizifuta vumbi.

Wagonjwa walioona haya kuvua nguo alikuwa akiwatania, "Mficha uchi hazai," nao wakacheka wakavua. Siku mama yake alipokuja na kikohozi, ulimi ulimganda. Mtoto wa kiume anamwambiaje mamake avue? Alimsimamisha vivyo hivyo na gauni lake, akapiga. Filamu ilipotoka, ufunguo mweupe ulikuwa umekaa pale pale daktari alipotaka kupaona. Muuguzi wa kike akairudia kazi. Ile iliyoharibika Bana Pumzi aliiweka, na ikawa bahati, maana mama alikuwa akiikimbia kamera hadi anazikwa.

Makumbusho yalipotafuta picha zenye kasoro, aliitoa hiyo. Ikatundikwa mbele ya taa, na chini yake kibao: KOSA, CHUMA HAKIKUVULIWA.

Dada yake mkubwa alipopata habari alikuja na kikapu chake cha sokoni, na salamu hakuijibu.

"Umemwanika mama," alisema, macho yakiwa sakafuni. "Watu wanapita wanamhesabu mbavu. Itoe."

"Dada, hatuna picha yake nyingine."

"Bora tukose. Usipoitoa, kwangu usikanyage."

Neno hilo lilimuuma, kwa sababu walikuwa wamebaki wawili tu. Akanyoosha mikono kuishusha. Dada, asiyemwamini mtu kwa maneno, aliinua macho kuhakikisha.

"Huo si ufunguo wa kabati la sukari?"

"Ndio wenyewe."

"Alisema umepotea. Wanangu waliutafuta mpaka uvunguni."

"Naye akawasaidia kutafuta."

Dada alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akajifuta macho kwa kiganja. Alikuwa amemkumbuka mama kuliko alivyotaka kumkumbuka siku hiyo.

"Iache," alisema. Halafu akasoma kibao. "Kosa ni nani hapa?"

"Si yeye, ni mimi."

"Basi hicho kitoke."

Bana Pumzi alifungua skrubu kwa ncha ya kisu, akakitia kibao mfukoni. Mahali pake hakuweka maneno mengine.

Dada alisogea karibu na mwanga. Mbavu zilikuwa zimetanuka, mabega yamepanda kidogo.

"Hapa alikuwa anafanya nini?"

"Amebana pumzi. Nilimwambia abane."

"Akakutii?"

"Siku hiyo alinitii."

"Na ulimwambia apumue?"

"Nilimwambia, dada."

Dada akashusha pumzi, akaweka kikapu chini, akaomba kiti.