Wali wa Assam

Koti la jeshi la baba lilinuka kafuri. Kila lilipoanikwa uani kwetu Kisarawe, nilijua kwamba jioni atatusimulia alivyopelekwa na Waingereza vitani Burma, akaugua njiani, na mama mmoja wa Assam, kule India, akampa wali. Hapo angekatiza kisa na kusema, "Moi bhat kham," yaani nitakula wali. Mama, Mkwere wa Dutumi, angemjibu kwa Kikwere kwamba akatwange mpunga mwenyewe. Baba angerudisha kwa Kizaramo, nasi tukacheka. Kila mmoja alisema lugha yake na hakuna aliyepotea.

Mjomba Salehe, kaka yake mama, hakuamini. "Shemeji, Burma uliifikia wapi? Ulikuwa ukimenya viazi kambini Dar!" Nami, msichana wa miaka kumi niliyehoji kila kitu, nikaanza kushuku. Tulipokwenda stesheni ya Ruvu kumpokea shangazi, nilimwamkia karani, Mhindi wa Bengal, nikamtamkia maneno yale. Baba na mjomba walikuwa nyuma yangu.

"Kwetu tunasema ami bhat khabo," alisema karani akitabasamu. "Hayo yako si lugha, binti. Nani kakudanganya?"

Mjomba alicheka mpaka akashika nguzo. "Viazi, shemeji! Viazi!"

Baba alijitwika mzigo wa shangazi, akatangulia. Tangu siku ile hakusimulia tena, na koti likaliwa na nondo sandukuni.

Miaka ikapita. Katika maktaba ya chuo nikasoma kwamba lugha ya Assam na ya Bengal ni ndugu, kama Kikwere na Kizaramo. Na "moi bhat kham" ni Kiassam safi; baba alisema kweli. Mimi niliyejidai siamini kitu bila ushahidi, nilimwamini shahidi wa kwanza kwa sababu alivaa kofia ya reli. Na nyumbani kwetu lugha mbili ndugu zilikuwa zikitaniana kila siku masikioni mwangu.

Likizo hii nilimweleza.

"Nani kasema?" aliuliza baba.

"Kitabu."

"Ahaa. Zamani karani, leo kitabu."

Nilimwomba radhi, kisha nikamwomba ayaseme tena maneno yale. "Anza wewe," alisema. "Mimi yamenitoka."

Nikayasema yote matatu. Kutoka jikoni, mama akajibu kwa Kikwere.