CD Niliyoona Haya Kuijaribu

Dada yangu mkubwa alinisomesha sekondari kwa kahawa ya shamba lake la Kimuli. Mwishoni mwa miaka ya tisini koo lilianza kumwuma, kisha sauti ikaondoka kabisa, yeye aliyekuwa mwimbishaji wa kwaya yetu ya Kilutheri tangu usichana. Alipoelewa kwamba haitarudi, aliniomba kitu kimoja kwa kunong'ona: "Nataka nijisikie, hata mara moja, kabla sijafa."

Halikuwa ombi gumu. Mwaka uliotangulia mgeni wa kanisa alikuwa ametupitia, akairekodi kwaya, na nakala pekee ya nyimbo akaiacha ndani ya kompyuta ya duka la uchapaji kule Omurushaka. Aliniuliza kama tungependa na kaseti. Nikamjibu, mimi katibu wa kwaya, kwamba kaseti zinapitwa na wakati, sisi tunataka CD. Kosa hilo ni langu, simsingizii mtu.

Nyimbo zilikuwa katika mafaili mawili. Kubwa lilibeba CD nzima kama ilivyo. Dogo lilikuwa maelezo tu: wimbo wa kwanza unaanzia hapa, wa pili pale. Lakini programu ya kuchomea CD pale dukani haikuutambua muundo aliotumia mgeni. Ilibidi mafaili yageuzwe kwanza kuwa muundo mwingine, ndipo yachomwe. Mtu wa kazi hiyo alikuwa mwendesha kompyuta wa duka lile.

Huyo sikumwita rafiki, nilimwita ndugu. Baba yake na baba yangu walifanya omukago, udugu wa damu: walichanjwa, kila mmoja akatafuna buni yenye damu ya mwenzake. Kwetu, watoto wa omukago hawakaguani. Akikupa pombe, huinusi. Akikuambia gunia limejaa, hulifungui mbele yake.

Nilimpa kazi hiyo, na baada ya wiki tatu aliniita, akanipa CD iliyoandikwa jina la kwaya kwa kalamu nyeusi.

"Nimegeuza, nimechoma, yote yamo," alisema. "Msalimie dada. Mwambie asitulilie sana."

Redio ya kuchezea CD ilikuwa juu ya meza, karibu na kiwiko changu. Nilikaa kwenye benchi tukazungumza habari za mvua na mnyauko wa migomba. Sikusema, "Weka tusikie." Ningekuwa nimemtukana yeye na marehemu baba yake.

Jumapili nikaazima redio ya mchungaji. Wanakwaya walijaa sebuleni kwa dada, naye alivaa gauni lake la Pasaka. CD ikazunguka, ikasita, ikasimama.

"Betri," mama mmoja alisema. Tukabadilisha betri.

"Ipanguse," mwingine akasema. Tukaipangusa.

"Labda inaimba Kizungu, ndiyo maana hatusikii!" mzee wa besi alisema, watu wakacheka. Dada hakucheka. Aliendelea kuitazama redio mpaka wote walipoaga.

Kesho yake nilipanda pikapu ya ndizi hadi Omurushaka. Mwenzangu aliponiona mlangoni aliacha kuchapa, lakini hakugeuka.

"Kuna nini ndani ya CD hii?" nilimwuliza.

"Lile faili dogo."

"Na kubwa?"

"Nilishalifuta. Kompyuta ilijaa. Kulikuwa na kazi ya harusi ya mfanyabiashara mmoja, nikahitaji nafasi. Nilidhani nimeshaligeuza. Nilipotafuta, sikuwa nimeligeuza."

"Ulijua hayo siku ile uliponipa?"

"Nilijua."

"Ukanituma kwa mgonjwa na salamu juu yake!"

Hapo akageuka. "Ulikaa kwenye benchi hilo nusu saa, ndugu yangu. Nilikuwa nangoja useme tuijaribu, nikuambie ukweli. Kila ulipofungua mdomo, mvua! Msomi ni wewe, kwa nini hukuniuliza?"

Niliondoka. Alikuwa ameuficha uwongo wake mahali ambapo alijua mkono wangu hautafika, kisha akanilaumu kwa kutoufikia. Na bado swali lake ninalo hadi leo. Niliilinda heshima ya wazee wawili waliokwisha kuzikwa, nikamwacha aliye hai.

Dada nilimweleza yote jioni ile, akiwa amekaa kwenye mkeka anachambua maharage. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Basi hakuna tena?"

"Hakuna."

Alichambua kidogo. "Basi niambie wewe. Siku ile niliimbaje?"

"Vizuri sana, dada. Watu walitokwa na machozi."

Akanitazama kama alivyokuwa akimtazama mnunuzi wa kahawa anayebonyeza mizani kwa kidole. Siku ile ya kurekodi nilikuwa nje mwanzo hadi mwisho, nikifukuza mbuzi na watoto wasipige kelele karibu na madirisha ya kanisa. Yeye ndiye aliyenituma.