Bidoni Laini Kwenye Barabara ya Kabambare

Mwaka wa 1951, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba yangu alikufa na shida ikaanza. Shule niliiachia darasa la pili. Mama akanishikisha mtwangio, tukawa tunakamua mafuta ya mawese nyuma ya nyumba yetu, Kasongo. Vijana wenzangu waliniita mke mdogo wa mama. Mimi nilikula, wao walicheka.

Miaka michache kabla ya uhuru niliposa Feza, binti wa Kabambare. Kwao, kabla ya kuzungumza mahari, mposaji analeta mafuta yaliyotoka mkononi mwake, na shangazi wa binti anayaonja kwa ndizi ya kuchoma. Akitema, rudi kwenu. Hiyo ndiyo sababu ya safari yangu.

Kasongo, asubuhi. Vibuyu huvunjika njiani, basi nilinunua kwa Mgiriki mwenye duka bidoni, yaani dumu, ya plastiki laini, kitu kipya siku zile: unabonyeza kwa kidole, inarudi. Nikamimina mafuta yakiwa moto, kama tunavyofanya sisi wote ili yasigande, nikaifunga kwenye kinga, ndiyo baiskeli yetu. Baba mdogo Ramazani alinifuata na yake, maana mposaji haendi peke yake.

Barabarani jua lilikuwa kali. Vilimani tulisukuma. Kila tulipopumzika bidoni ilikuwa imezidi kulegea, na kiganja changu kikanuka viatu vipya.

Lusangi, jioni. Tulifikia kwa Salumu, fundi cherehani, rafiki wa marehemu baba. Jirani yake, mwangalizi wa afya wa serikali, mweusi kama sisi, aliiona bidoni akauliza nimeweka nini. Akatueleza kwamba plastiki ile inalainishwa kwa dawa ya kiwandani inayouzwa dunia nzima. Huko Ulaya wenyewe wanabishana: wenye viwanda wanasema haina neno, wengine wanasema ikikutana na mafuta, tena ya moto, inatoka kwenye plastiki na kuingia chakulani. Wakubwa wake walikuwa wamemwambia akataze watu kuweka chakula humo.

"Sasa mbona Mgiriki anauza?" nikamuuliza.

"Amri iko ya chakula. Yeye anauza bidoni."

Salumu akachovya kidole, akalamba, akatema. "Mutoto ya Kasongo, wakwe unawapelekea viatu?"

Baba mdogo alitaka tuendelee tu, eti pilipili itafunika. Nikamwambia ale yeye kwanza. Hakula. Nikayamwaga yote shimoni.

Kabambare tulifika kesho yake, mikono mitupu. Shangazi Mwamini alikuwa amekaa uani, ndizi iko motoni. Nilimweleza yote, sikuficha. Aliniangalia kutoka miguu mpaka kichwa.

"Mukwe, hapa tunakula maneno?"

Wanawake wakacheka. Feza akainamisha kichwa. Nikamuuliza shangazi: desturi yenu inataka mafuta yatoke kwenye michikichi yangu, au mkononi mwangu? Akasema mkononi. Nikaomba ngazi, ndiyo matunda ya mchikichi, na chungu na kinu, nikavua shati. Nilichemsha, nikatwanga, nikakamua, wanaume wa mtaa wakisimama kuona mwanaume mwenzao akifanya kazi ya wanawake. Mmoja akauliza mke wangu atabaki na kazi gani.

"Atapumzika," nikamjibu.

Shangazi alichovya ndizi, akatafuna polepole. Akachukua ya pili. "Feza, letea mukwe maji anawe."

Niliporudi Kasongo, kwa Mgiriki bidoni zilikuwa bado zimepangwa kando ya sukari. Niliwaambia wanunuzi, Mgiriki akisikia, wasiweke mafuta humo. Alinifukuza dukani. Nilijifunza hivi: amri ikikataza nusu, mwenye duka anasimama kwenye nusu iliyobaki.

Leo nina shamba la michikichi, mashine ya chuma ya kukamulia, nyumba ya matofali yenye mabati, kinga mbili, mbuzi, na vibuyu ukuta mzima. Bidoni ile iko, ndani ni pitroli. Feza naye yuko. Mpaka leo hajatwanga ngazi.