Picha ya Uyên kwenye Meza ya Marehemu

Tangu apate akili, Uyên alijiona akifukiziwa udi. Picha iliyokaa kwenye meza ya marehemu, nyumbani kwao San Jose, Marekani, nyuma ya machungwa na bakuli la wali, ilikuwa yake mwenyewe ya utotoni. Dada yake alifia kwenye boti walipokuwa wakikimbia Vietnam, akazikwa baharini, wala hakuacha picha hata moja. Mama akasema watoto wa tumbo moja wanafanana, hiyo itatosha. Itatosha! Mambo ya wakubwa hayo.

Jina la huyo dada mama hakulitaja asilani. Baba naye alikufa nalo. Uyên, ambaye kutwa alipaka watu rangi za kucha saluni na akirudi anatunga mashairi, alimtungia dada yake shairi la kusomwa siku ya kumkumbuka. Mistari yote ilikubali isipokuwa ule wa jina, akaacha pengo. Kila mwaka aliuliza, na kila mwaka alijibiwa, "Kula, supu inapoa."

"Mama, nakuomba. Jina tu."

"King'ang'anizi wewe! Hayo mashairi yako yatamfufua?"

Ilimuuma, jamani, ilimuuma sana. Akajipa moyo kwamba ipo siku. Siku yenyewe, wapi! Mama akaanza kusahau: kwanza sufuria jikoni, kisha njia ya sokoni, mwisho watu.

Mwaka huu Uyên alipika mwenyewe, akawasha udi, akamketisha mama mbele ya picha. Mama akaikazia macho. Machozi yakamtiririka, yeye ambaye hakuwahi kulia mbele ya mtu. Uyên akapiga magoti.

"Nani huyo, Mama?"

"Mwanangu. Nilimziba mdomo asilie, maharamia wasitusikie. Nilipomwachia, hakuwa akipumua tena."

Kumbe ndiyo siri yenyewe. Uyên akamshika mikono yote miwili.

"Anaitwa nani, Mama? Mtaje."

"Uyên."

"Hapana, Mama! Uyên ni mimi. Mimi hapa!"

Mama akamtazama kwa upole, vile mtu anavyomtazama mgeni aliyekuja kuhani.

"Uyên wangu alikufa," akasema. "Na wewe, binti, ni wa nani?"

Uyên akamsogezea bakuli.

"Kula, Mama. Supu inapoa."