Jua la Februari, Maji ya Julai

Iko siku moja ya Kitengela isiyonitoka kichwani, mwanangu. Nilikuwa kijana, shule nimeiachia njiani, miguu haitulii, lakini kila mtambo niliouona nilitaka kujua unafanyaje kazi. Mjenzi mmoja alinichukua nimpangie stima ya sola kwenye mtaa mpya wa nyumba: taa, maji moto na pampu ya kisima. Alitaka mtaa usio na moshi wa jenereta.

Ilikuwa Februari. Wiki tatu nilizunguka na kipimo changu, nikiandika. Jua lilikuwa jingi mno hata nikapunguza paneli na kuchora tangi dogo.

Ardhi ile ilikuwa ya Koko Nasieku, bibi wa Kimaasai. Aliiuza akabakiza pembe moja, kwa makubaliano kwamba ndama wake watakunywa maji ya kisima hicho. Alinisimamisha.

"Umekaa hapa siku ngapi?"

"Wiki tatu, Koko."

"Na unasema unajua jua letu? Wewe nalo hata salamu hamjamaliza! Ngoja Julai ndio uchore."

Nilicheka. Mimi, kungoja? Paneli zilipofungwa tu, nikahamia Oltepesi.

Julai simu ikalia. "Kijana, jua lako liko wapi?"

"Huku linawaka, Koko."

"Basi jaza kwa mtungi ulete. Hapa ni mawingu wiki nzima. Pampu imekataa. Ndama wanalamba saruji ya hori."

Nilirudi siku hiyohiyo. Jenereta ya kukodi ilikuwa ndiyo kwanza inashushwa, akina mama wamepanga mitungi, na ndama mmoja amelala chini, hainuki. Nilitaka kueleza habari za mawingu. Koko hakunigombeza. Alisema neno moja tu: "Kaa."

Nikakaa mwaka mzima, na usidhani ilikuwa rahisi. Kila gari la Namanga lililopita lilinivuta. Lakini kila siku niliandika jua lilivyokuwa. Tukaongeza paneli, tukajenga tangi kubwa la kuvuka siku za mawingu, maana maji yanayopandishwa siku za jua kali hutunzwa tangini bila betri yoyote. Julai iliyofuata pampu ilizubaa, ila hori halikukauka. Yule ndama hakuiona Julai hiyo.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiitwa kupangia watu stima ya jua, usipime siku nzuri ukaondoka. Pangia mwezi ule mbaya kuliko yote. Uliza waliolala pale msimu wa baridi na mawingu, na uwaulize kabla msingi haujachimbwa. Hesabu na wanywaji wasio na nyumba kwenye ramani, kama wale ndama. Na ukikosea, rudi mwenyewe.

Enkai, Mungu wa akina Koko, akulinde barabarani, akupe macho ya kuona mengi, na kila utakapofika akupe subira ya kukaa mpaka upajue.