Ukanda wa Kupigwa Mara Moja

Hata chai hakuinywa. Jumamosi hiyo asubuhi Masikio aliinuka, akakaa, akainuka tena, akasafisha vichwa vya mashine ya kanda kwa pamba na spiriti mara ya nne, na vilikuwa vinang'aa tangu mara ya kwanza. Mtu mzima huyo! Miaka thelathini na moja fundi mitambo wa redio, jina hilo kapewa na wenzake kwa kusikia hata balbu inayotaka kuungua, leo kiti hakikaliki.

"Baba, kaa basi, unanitia kizunguzungu," binti yake alisema.

Naye ni fundi wa sauti, ila wa kompyuta, na hapo ndipo ugomvi wao ulipo. Kwa Masikio, kompyuta inakatakata sauti vipande vipande halafu inajifanya kuiunga. Kwa binti, kanda ni mvumo tu, shshsh mwanzo mwisho, na wazee wanazipenda kwa sababu zinawakumbusha ujana. Wamebishana hivyo mezani, barabarani, hata msibani, jamani.

Lakini leo hapakuwa na mchezo. Ukanda uliokuwa mbele yao ulikuwa na sauti ya mkewe, aliyefariki binti akiwa wa miezi minane. Masikio alimrekodi mwenyewe sebuleni, kwa mashine aliyoiazima kazini, akiimba wimbo wa kumlaza mtoto. Alitoa nakala kwenye kaseti, kisha ule wa asili akaufungia kabatini. Mafundi wa zama zake ndivyo walivyo, ukanda wa asili hauguswi. Binti alikua na kaseti ile. Mama mwingine hakuwa naye.

Sasa kaseti ilikuwa imechakaa kwa kupigwa, na ule wa asili umeanza kunata kwa uzee. Waliukausha kwa joto dogo siku nzima. Ungekubali kupigwa mara moja, labda. Ukikwama katikati, basi tena.

Baada ya makelele mengi wakakubaliana sauti iingie kwenye ukanda mpya na kwenye kompyuta kwa pamoja. Masikio akabonyeza. Dakika nne nzima roho zilikuwa juu juu. Yeye alitembea mlangoni na kurudi, mlangoni na kurudi. Ukanda ulipofika mwisho, mashine ilikuwa imejaa unga wa kahawia uliobanduka kwenye ukanda, lakini umefika.

"Haya, geukia ukutani," binti alisema. "Nitapiga nakala zote mbili. Niambie ipi ni ipi."

Ya kwanza ikapigwa. Ya pili ilipoanza tu, Masikio akadakia, "Hii! Huu ndio ukanda, mwanangu. Nimemsikia mpaka anavuta pumzi."

Binti alikuwa ameingoja siku hiyo miaka, lakini hakucheka. "Hiyo ni kompyuta, Baba."

"Acha masihara."

"Haki ya Mungu. Ukanda mpya umeongeza mvumo wake, umeifunika pumzi." Akaisogelea skrini. "Na kuna maneno pale kabla ya wimbo. Kwenye kaseti mvumo uliyafunika, sijawahi kuyasikia."

"Maneno gani?"

Binti akarudisha mwanzo, akaongeza sauti. Mwanamke alikuwa ananong'ona, mdomo karibu kabisa na maikrofoni, akimwambia mtoto: "Mtazame baba yako, macho kwenye sindano tu. Wimbo huu namwimbia yeye, na hana habari."

Masikio akageuka kutoka ukutani. Siku ile ya kurekodi spika aliizima isije ikavuma, akainamia sindano ya kupimia sauti isivuke alama nyekundu, na hakuinua uso mpaka wimbo ukaisha. Alikuwa hatua mbili kutoka kwa mkewe.

"Nilikuwa nachunga sauti isipasuke," alisema, akiiambia ile kompyuta. "Nilitaka itoke vizuri, mke wangu."

Akalia kwa sauti, bila kujificha, na binti akaenda kumshika bega.